Jedwali Lililo Mbele

Rafiki yangu aliitwa Rula tangu tulipokuwa darasani, na jina hilo halikumwacha hata mvi zilipomjaa kichwani. Mtawa aliyetufundisha hisabati katika shule ya misheni alikuwa na mazoea ya kupita nyuma ya madawati yetu akiangalia mistari tuliyochora kwenye karatasi za miraba, na mstari uliopinda aliufuta pasipo kusema neno. Wa rafiki yangu hakuwahi kuufuta. Alikuwa akinoa penseli mpaka inakuwa kama mwiba wa nungunungu, anaweka rula, anabana pumzi, ndipo anachora. Sisi wengine tulichora ili kengele ikilia tuwe tumemaliza.

Kipaji hicho ndicho kilichompa kazi katika maabara ya kituo cha kusafishia maji ya mji wetu, na alikaa hapo mpaka kiti chake kikachukua umbo la mgongo wake. Kila asubuhi alichora grafu ya tope lililomo katika maji yanayotoka mtoni. Mstari ukipanda, mtu wa kule kwenye matangi, ambaye wote tulimwita Mweka Dawa, aliongeza dawa ya kusafishia, ukishuka, aliipunguza. Rula alipenda kusema kwamba mji mzima humeza mstari wake kila siku na hakuna anayemshukuru.

Kompyuta zilipoletwa, alijifunza kuzitumia kama mtu anavyojifunza kuishi na mkwe: kwa heshima nyingi na maneno machache. Programu ya kuchorea grafu aliikubali kwa sababu mistari yake ilikuwa imenyooka. Alichokataa kukikubali ni makro.

Makro ilitengenezwa na Chiriku. Huyu alikuwa binti wa marehemu dada yake Rula, naye alilelewa katika nyumba ya mjomba wake tangu akiwa hajui kufunga kamba za viatu. Jina la Chiriku alipewa na mkewe Rula, kwa maana mtoto alikuwa haishiwi maneno. Hata usingizini alisimulia. Alisoma vizuri, akaajiriwa katika maabara ileile, wakawa wanatoka asubuhi pamoja, mjomba mbele na mpwa nyuma akipiga soga.

Kwa wasiofahamu, makro ni msururu wa amri unaoiandikia programu mara moja tu. Baadaye unabonyeza kitufe, nayo inazitekeleza zote, amri baada ya amri: inafungua faili la vipimo vya asubuhi, inatupa vile ambavyo kifaa kilikosea, inatafuta wastani, inachora grafu. Kazi iliyokula asubuhi yote ya Rula ikawa ya muda wa kunywa kikombe cha chai.

"Mjomba, bonyeza hapa tu, halafu kaa uone."

"Nione nini?"

"Uone kazi inajifanya yenyewe!"

"Kazi inayojifanya yenyewe," alisema Rula, "haina wa kumwonea haya."

Basi alibonyeza, lakini hakukaa kuona. Makro ilipokuwa ikiendelea, yeye alifungua jedwali la vipimo vya zamani, alivyokwisha kuvipigia hesabu kwa mkono wake, akawa anavitazama kwa jicho moja na jicho la pili likiilinda mashine. Alikuwa kama mwenye duka aliyeajiri mwuzaji asiyemjua.

Matata yalianza asubuhi moja baada ya mvua kubwa. Simu ya maabara ililia.

"Mzee Rula," alisema Mweka Dawa, "hii grafu ya leo umeichorea wapi, kitandani?"

"Ina nini?"

"Mstari umelala kama paka aliyeshiba. Mimi nimesimama hapa naangalia maji kama chai ya maziwa! Nikiifuata grafu yako, mji mzima utakunywa matope."

Rula alitazama skrini akaona ni kweli. Alimwita mpwa wake. Chiriku alivuta kiti, akabonyeza kitufe kilekile, na mstari ukapanda juu kama ulivyopaswa kupanda.

"Iko sawa, mjomba."

"Iko sawa ukiwapo wewe."

"Sasa mjomba, mashine inanijua mimi?" Chiriku alicheka. Rula hakucheka.

Siku zilizofuata jambo hilo lilirudi, na lilirudi kwa mpangilio uliomnyima Rula usingizi. Chiriku akikaa mbele ya mashine, grafu hutoka safi. Rula akienda kliniki au akipewa siku ya mapumziko, grafu hutoka safi. Akikaa Rula, hasa siku ambayo ameazimia kuwa macho kuliko siku zote, grafu huharibika. Na wakati huohuo fununu zilikuwa zimeenea katika maabara kwamba Mkuu anataka kupunguza watu, na kwamba meza ya grafu itabaki na mtu mmoja.

Hapo mdudu wa shuku alipoingia, aliingia mzima. Kila alilofanya binti yule lilipata maana ya pili. Alipoilaza simu yake kifudifudi mezani, Rula aliona siri. Alipotoka ofisini kwa Mkuu akitabasamu, Rula aliona njama. Jioni moja wakiwa mezani nyumbani, Chiriku alimwuliza kwa mapenzi tu, "Mjomba, ukistaafu utafuga kuku?" na mjomba akaweka kijiko chini, akawa hali tena. Ndani ya kuku wale alikwisha kuliona jeneza lake.

Nilikuwa nikienda kwake kila Jumapili alasiri kucheza dama barazani. Jumapili ile nilimkuta amekaa akiutazama ubao kana kwamba mmoja wetu ameuibia.

"Zamu yako, bwana," nilimwambia.

"Kete hii ilikuwa hapa?"

"Ilikuwa hapo tangu tuanze."

"Una hakika?"

"Rula, kama unaogopa kufungwa, sema tukunje ubao tunywe chai."

Mkewe alitoka na birika, akaniwekea kikombe. "Shemeji, msamehe mwenzio. Siku hizi anashuku hata kivuli chake. Leo nimetia chumvi kwenye mchuzi, nageuka namkuta mlangoni ananichungulia. Namwuliza, baba, ni nini? Ananiambia, endelea tu."

"Wewe hujui," alisema Rula.

"Sijui nini? Nimekaa na wewe miaka yote hii, nikitaka kukuua si ningekwisha kukuua ungali na nguvu, nirithi cha maana?"

Mkewe aliporudi ndani, Rula aliniinamia akanieleza yote kwa sauti ya chini. Aliamini kwamba ndani ya makro ile Chiriku ameficha amri moja ya kumwumbua yeye, ili aonekane mzee aliyechoka, na kiti kimwangukie binti. Alikuwa amekigeuza kiti chake pembeni kidogo ili katika kioo cha kabati la chupa aweze kuiona skrini ya mpwa wake. Zaidi ya hayo, alikuwa ametengeneza jedwali lake mwenyewe. Alinakili vipimo vyote vya ile asubuhi ya mvua, akavipigia wastani kwa mkono, akavihifadhi mahali pa peke yake. Kila anapoiendesha makro analifungua, na katikati ya kazi analibofya lije mbele, alilinganishe na kinachotendeka. Akisikia viatu vya Chiriku, analifunga upesi.

"Na umegundua nini?"

"Nimegundua ukatili," alisema. "Grafu mbaya za siku hizi zote zina nundu moja. Nundu ileile ya siku ya mvua! Maji ni safi, Mweka Dawa anapiga simu ananiambia maji yanacheka, lakini grafu yangu ina tope hadi kwenye paa. Anairudisha siku ile makusudi. Ananipiga nayo usoni."

"Labda mashine ina kasoro."

"Kasoro haichagui mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu yangu. Nimekwisha kumwambia Mkuu kwamba nina neno kuhusu mpwa wangu. Ameniambia nije nalo Ijumaa, nije na ushahidi."

Nilimwuliza kama anajua litakalofuata. Maji ya kunywa si jambo la mchezo; mtu akithibitishwa kwamba ameharibu vipimo kwa kusudi hafukuzwi kazi tu, hapati tena kazi popote penye maabara. Na jioni ya siku hiyo atarudi kulala wapi?

Rula alizungusha kete vidoleni muda mrefu. Ndani ya nyumba tulimsikia Chiriku akimsimulia mama yake mlezi kisa fulani, na wote wawili wakicheka.

"Sikia wanavyocheka," alisema.

Yaliyotokea Ijumaa niliyasikia kwa Rula na kwa Chiriku, kila mmoja kwa wakati wake, na masimulizi yao hayakutofautiana ila katika mambo madogo.

Chiriku naye alikuwa hana raha. Aliipitia makro yake mara nyingi asione kosa, na jambo linalomsumbua fundi yeyote lilimsumbua yeye: kasoro isiyokubali kujitokeza mbele yake. Alikwisha kumwomba mjomba wake wakae pamoja waiendeshe polepole, amri moja moja, programu ikisimama baada ya kila amri ili waone ilichofanya. Rula alikataa mara mbili. Alidhani binti anataka kumfundisha mbele ya watu ili achekwe.

Mkuu alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mazoea ya kutafuna njiti ya kiberiti. Asubuhi hiyo hakumwita Rula ofisini. Alikuja yeye mwenyewe kwenye meza ya grafu, akasimama nyuma yao wawili.

"Mzee, unaniambia grafu zinaharibika ukiwa wewe. Binti anasema makro ni nzima. Sitaki kusikia hadithi, nataka kuona. Kaa kama unavyokaa kila siku, fanya kama unavyofanya kila siku. Na wewe Chiriku, iendeshe hatua kwa hatua. Kila mmoja aseme anachofanya."

Rula alikaa. Alifungua programu. Kisha, kwa kuwa aliambiwa afanye kama kila siku, na kwa kuwa aliona saa ya kumnasa mwizi imefika, alilifungua pia jedwali lake, akaliacha chini ya mengine lisionekane.

"Amri ya kwanza," alisema Chiriku, "fungua faili la leo." Faili likafunguka. "Ya pili, tupa vipimo vya uongo." Mistari michache ikafutika. "Mpaka hapa sawa, mjomba?"

"Endelea."

"Sasa inapanga kwa saa. Hii huchukua muda kidogo."

Katika muda huo kidogo, mkono wa Rula ulifanya ulichozoea kufanya. Kidole kilibofya, na jedwali lake likaja mbele. Alitaka kulinganisha.

Chiriku alikuwa anatazama orodha ya amri, si madirisha. "Ya nne," alisema. "Chukua jedwali lililo mbele, tafuta wastani." Akabonyeza. Kisha akainua macho.

Mashine ilitii kama ilivyoandikiwa. Ililichukua jedwali lililo mbele. Haikujua la leo wala la jana, la mjomba wala la mpwa. Ilijua la mbele tu. Na mbele, kwenye kichwa cha dirisha, kwa herufi kubwa ambazo hata Mkuu aliyesimama nyuma aliweza kuzisoma, palikuwa pameandikwa: USHAHIDI WA CHIRIKU.

Njiti ya kiberiti ilisimama mdomoni mwa Mkuu.

Chiriku alibonyeza amri ya mwisho, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umekwisha kuanza kazi. Grafu ikajichora polepole: nundu ya siku ya mvua, ileile, asubuhi ambayo nje jua lilikuwa likiwaka na maji yakicheka.

"Mjomba," alisema hatimaye, "jedwali hili ni la nani?"

"Langu."

"Unalifungua kila siku?"

"Siku ninazokulinda."

Kwa maelezo yake Chiriku, maneno hayo hayakumchoma mara moja. Kwanza alifurahi, kama fundi anavyofurahi akishika kasoro mkia. Alianza kusema upesi kama kawaida yake: kwamba ndiyo maana, kwamba siku ya kwanza lazima palikuwa na jedwali jingine la zamani lililo wazi, kwamba na yeye alikosea kuandika amri kizembe namna ile, angeliita jedwali kwa jina lake, alidhani hakuna atakayegusa kitu makro ikiwa kazini. Katikati ya sentensi akanyamaza. Alikuwa amelisoma tena lile jina.

Mkuu alikohoa. "Mzee, lile neno ulilokuwa uniletee leo. Ni lipi?"

Rula angeweza kusema kwamba halipo tena. Mkuu, nadhani, alikuwa anampa mlango wa kutokea. Lakini mtu aliyejengwa kwa mistari minyoofu hawezi kupinda ghafla hata pale kupinda kungemfaa. Alisimama, akashika ukingo wa meza.

"Nilikuja kusema mpwa wangu anaharibu vipimo ili achukue kiti changu. Nilitaka umfukuze. Anayeharibu ni mimi. Kila nilipomlinda, ndipo nilipoharibu."

Mkuu alitikisa kichwa, akaondoka. Hakumwadhibu mtu, na ile meza haikupunguzwa watu mwaka ule wala uliofuata. Fununu zilikuwa fununu.

Chiriku alifanya kazi mpaka saa ya kutoka bila kusema lolote, na waliomjua wanasema hiyo peke yake ilitosha kuwa msiba. Aliisahihisha makro. Jioni walitembea kurudi nyumbani, mpwa mbele, mjomba nyuma, pasipo soga. Kabla wiki haijaisha alikuwa amepanga chumba nyuma ya kibanda cha mshona viatu. Mkewe Rula ndiye aliyembebea godoro, na aliporudi alimwambia mumewe jambo moja tu: "Sasa linda nyumba vizuri, baba. Imebaki tupu, hakuna wa kukuibia."

Binti hakukosa adabu. Kazini alimwamkia, alimletea faili, alimsogezea kiti. Ila alimwita "Mzee" kama walivyomwita wengine wote. Lile neno alilomwitia tangu hajui kufunga kamba za viatu alikuwa amelifunga mahali, na Rula hakuthubutu kuliulizia. Katika dama zetu za Jumapili alianza kunifungulia njia za kumla kete zake bila kugombana, jambo ambalo lilinitia hofu kuliko shuku zake za zamani.

Asubuhi moja, kwa kusahau, aliiendesha makro hali jedwali la siku nyingine likiwa wazi. Kazi ilisimama njiani. Katikati ya skrini kikajitokeza kisanduku kidogo chenye maneno ambayo Chiriku alikuwa ameyaandika siku ile ile ya Ijumaa, alipokuwa akiisahihisha, na pengine mwenyewe alikwisha kuyasahau:

"Mjomba, funga dirisha."

Alilisoma lile neno la kwanza mara mbili. Kisha akalifunga dirisha, na grafu ikatoka safi.

Kesho yake alilifungua jedwali jingine tena. Na kesho yake pia. Aliniambia hayo barazani huku akitazama kando, kama mtu anayekiri kwamba anakula sukari aliyokatazwa na daktari. Kila asubuhi alikuwa akifungua jedwali lisilo na kazi yoyote, anabonyeza kitufe, anangoja mashine isimame imwite, ndipo anafunga.

"Na Chiriku hajaona?" nilimwuliza.

"Anakaa kwa upande ule. Haoni."

Alikuwa amelisahau kabati la chupa na kile kioo chake, ambacho kama kilimwonyesha yeye skrini ya mpwa, kilimwonyesha mpwa skrini yake pia.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, maji ya mto yalichafuka, na grafu ilitakiwa upesi kuliko siku zote. Mweka Dawa alikwisha kupiga simu mara mbili. Rula alifungua faili la leo, akafungua na jedwali lake la bure, akabonyeza, akakaa kungoja.

Kisanduku kilikuwa hakijatokea bado, makro ingali inapanga vipimo kwa saa, pale Chiriku aliposema kutoka mezani kwake, bila kuinua kichwa, kwa sauti ya mtu aliyechoka kungoja:

"Mjomba, funga dirisha. Watu wanataka maji."

Rula akalifunga.